Dang'a si "maziwa ya mwanzo" tu

Mzazi aliyejifungua usiku akijikamua asubuhi yake, kinachotoka ni matone mazito ya manjano. Yananata kwenye kijiko cha chai, na kijiko chenyewe hakijai upesi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, bibi au mama mkwe amezoea kuamuru: "Hayo machafu, mwanangu. Yakamue uyamwage." Kichanga hupewa maji ya sukari, akisubiri maziwa meupe yanayojaa baada ya siku mbili tatu hivi.

Matone hayo wataalamu huyaita kolostramu. Kiswahili kina dang'a. Hata hivyo vijitabu vya afya hupenda kuandika "maziwa ya mwanzo," na hapo ndipo ninapogombana navyo. Wiki chache baadaye mama yuleyule huambiwa kliniki amwache mtoto amalize titi moja kabla ya kumhamishia la pili, kwa kuwa maziwa ya mwanzo ni mepesi na ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Safari hii mwanzo ni wa kila anaponyonya. Kule wodini ulikuwa mwanzo wa uzazi. Aliambiwa ni mazito, sasa anaambiwa ni mepesi. Akichanganyikiwa, nani wa kumlaumu?

Dang'a lina protini nyingi kuliko maziwa yaliyokomaa, huku mafuta na laktosi vikiwa kidogo. Umanjano wake unatokana na karotini. Siku ya kwanza mtoto hupata mililita 2 hadi 10 tu kila anaponyonya, na kwa tumbo lake zinatosha. Uzito wa jambo umo kwenye kingamwili, hasa imunoglobulini A. Hiyo haiendi kwenye damu kwa kiasi cha maana. Hutanda ndani ya utumbo na kuvinasa vijidudu kabla havijapenya. Laktoferini nayo huwanyima bakteria madini ya chuma. Zimo pia oligosakaridi, sukari ambazo mtoto hana uwezo wa kuzimeng'enya; walaji wake ni bifidobakteria, wapangaji wema wa utumbo. Na dang'a hulainisha choo, kile kinyesi cheusi cha kwanza kikatoka pamoja na bilirubini, inayoleta manjano ya vichanga. Yaani maziwa yanayomwagwa kwa umanjano wake ndiyo yanayosaidia kuuondoa umanjano wa mtoto!

Utafiti uliofanywa vijijini Ghana na kuchapishwa mwaka 2006, uliofuatilia karibu watoto 11,000, ulikadiria kuwa asilimia 22 ya vifo vya vichanga vingeepukika kama wote wangeanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Sifa zote si za dang'a. Anayewahishwa titi hupata pia joto la mama, na huepushwa na maji yasiyo salama. Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza saa hiyohiyo ya kwanza.

Wapo wanaoliona neno dang'a kuwa la zizini, lisilomfaa mama. Ni kweli wafugaji wanalijua vizuri, na wana sababu. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa mikono mitupu na hutegemea dang'a liziingize kwenye damu yake kupitia utumbo, mlango unaofungwa baada ya saa 24 hivi. Binadamu hupokea kingamwili za damu akiwa bado tumboni, na dang'a humwekea ulinzi wa utumbo. Kazi zinatofautiana, lakini sioni aibu katika jina. Mkunga anayezungumza na mke wa mfugaji ataeleweka kwa dang'a kabla hajamaliza kuitamka kolostramu.

Kwa hiyo kwenye vijitabu ningependa tuandike dang'a kwa siku za kwanza, maziwa ya mpito kwa wiki mbili hivi zinazofuata, kisha maziwa yaliyokomaa. Yale yanayotangulia kila mtoto anaposhika titi tuyaite maziwa mepesi, maana ndivyo yalivyo.