Kadi Iliyokatwa kwa Wembe

Hebu fikiria kipande cha karatasi ngumu, upana wake sentimita 3.7 hivi na urefu sentimita 6.7. Kina picha ya mwanamume aliyechana nywele kwa katikati, nyuma yake rangi ya chungwa. Mwaka 2007 kipande hicho kiliuzwa kwa dola milioni 2.8. Ndiyo, milioni! Miaka sita baadaye, mtu aliyekifanya kiwe maarufu alisimama mahakamani akakiri kwamba alikikata kingo na hakumwambia mtu.

Mwanamume wa pichani ni Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa timu ya Pittsburgh Pirates huko Marekani. Usimwone mdogo. Mwaka 1936, walipochaguliwa wachezaji watano wa kwanza kuingia katika jumba la heshima la mchezo huo, naye alikuwamo.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikitia kadi za wachezaji ndani ya paketi za sigara. Ulikuwa mtego wa biashara tu: vuta sigara, upate picha. Kadi ya Wagner ilichapishwa kidogo kisha ikasimamishwa. Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake, wengine husema alitaka alipwe kwanza. Vyovyote iwavyo, zinazojulikana kubaki duniani ni kama 60 hivi, na karibu zote zimechakaa. Pembe zimeliwa, nyingine zimekunjwa, maana zilikaa mifukoni mwa watu.

Basi mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja, Bill Mastro, alinunua kadi ya Wagner kwa dola 25,000. Miaka miwili baadaye akaiuza kwa dola 110,000. Watu walipoiona wakashika vichwa: kingo zimenyooka, pembe kali kama za noti mpya! Mwaka 1991 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, ikachukuliwa kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, mfalme wa mpira wa magongo wa kwenye barafu, akishirikiana na tajiri Bruce McNall.

Mwaka huohuo ilianza kampuni ya kupima kadi iitwayo PSA. Kazi yake ni kuikagua kadi, kuipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Kadi ya kwanza kabisa kupewa namba ilikuwa hii ya Gretzky. Ilipata 8. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu kwa sheria ya kampuni hiyohiyo kadi iliyokatwa haistahili alama yoyote. Na mmoja wa waliokuwa katika kundi la wapimaji alikuja kukiri baadaye kwamba siku ile alijua imekatwa.

Kukata kunafanyikaje? Si mambo ya uchawi. Kingo za kadi ya zamani hulegea na pembe zake huwa butu. Mjanja huchukua wembe na rula, akaondoa ukingo mwembamba, chini ya milimita moja, na karatasi mbichi ya ndani inajitokeza. Wengine hupaka wino kwenye kingo nyeusi za kadi za Topps za mwaka 1971, ambazo zikichubuka kidogo tu weupe unaonekana. Wengine hulainisha mkunjo kwa unyevu na kuukandamiza. Dawa yake ni rula, kioo cha kukuzia na jicho lenye subira.

Wewe uliyewahi kuuziwa gari la mkononi ambalo kilomita zake zimerudishwa nyuma unaelewa. Gari linatembea, hakuna ubishi. Ulichoibiwa ni historia yake.

Kadi ile iliendelea kupanda bei. Mwaka 1996 ilishindaniwa katika bahati nasibu ya maduka, akaipata mfanyakazi wa posta wa Florida. Maskini, kodi ya zawadi hiyo ikamshinda, ikabidi aiuze. Mnadani ikafika dola 640,500. Mwaka 2000 ikavuka milioni moja. Minong'ono ilikuwapo muda wote, lakini nani alitaka kuisikiliza? Muuzaji anakula, mpimaji anakula, na aliyenunua hataki kusikia kwamba mali yake ina kasoro. Kimya kilikuwa na faida kwa wote, isipokuwa kwa mnunuzi wa mwisho.

Mwaka 2012 Mastro alishtakiwa Chicago, hasa kwa kuweka zabuni za bandia katika minada yake ili kupandisha bei. Oktoba 2013 alikiri kosa, na humohumo akakiri kuwa alikata kingo za pembeni za kadi ya Wagner. Mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela.

Ujanja haukuishia hapo. Mwaka 2019 wakusanyaji wa kawaida walianza kulinganisha picha za minada ya zamani na za mipya. Kila kadi ina vidoa vyake vya uchapaji, kama alama za vidole. Wakaonyesha mamia ya kadi zilizouzwa na alama ndogo, kisha zikarudi sokoni zimepungua ukubwa na kuongezeka alama. Hawakuwa na maabara wala cheo. Walikuwa na kumbukumbu.

Agosti 2022 kadi nyingine ya Wagner, iliyochakaa, yenye alama 2 tu, iliuzwa dola milioni 7.25. Najua bei za kadi zote zilikuwa zimepaa miaka hiyo, kwa hiyo sisemi uchakavu ndio uliolipa. Nasema uchakavu haukuizuia.

Sisi tunaojifunza kuandika tunakata pia. Tunafuta aya na kunyoosha sentensi, na hakuna dhambi hapo. Tofauti ni hii: riwaya inajitangaza kuwa ni riwaya. Anayekata tarehe au shahidi katika habari ya kweli, kisha akaiuza kama ilivyotokea, ameshika wembe uleule. Mwenzangu, kabla hujaamini kasha, uliza nani amelifunga, na amelipwa na nani.