Chuma Kilichozikwa: Historia ya Kusaka Metali Ardhini kutoka Nalufenya hadi Mbale

Nchi inayoanzia Nalufenya, kitongoji cha mji wa Jinja kilicho karibu na mahali Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria, na kuendelea mashariki kupitia Iganga na Tirinyi hadi Mbale chini ya Mlima Elgon, imezikiwa metali za kila aina kwa muda wa karne nyingi. Humo mna majembe ya wahunzi, nyaya za shaba zilizoletwa na misafara ya pwani, risasi za vita vya mwanzo wa ukoloni, sarafu za serikali zilizokwisha kuondoka, na mabaki ya silaha za vita vya karibuni zaidi. Jina la Nalufenya limevuma nchini Uganda kwa sababu ya mahabusu ya polisi iliyofungwa mwaka 2018, na kwa wazazi wa Busoga, eneo ambamo Jinja imo, kwa sababu ya hospitali ya watoto. Lakini kwa mtafiti wa mambo ya kale kitongoji hicho ni mlango wa eneo ambalo sehemu kubwa ya historia yake haikuandikwa popote ila ardhini.

Kazi ya kutafuta metali katika eneo hili ilitangulia mashine kwa muda mrefu sana. Katika vilima vya Samia, vinavyokaa juu ya mpaka wa leo wa Uganda na Kenya karibu na ziwa, mawe yenye chuma yalikuwa yakiokotwa na kuchimbwa na koo za wahunzi, ambao waliyayeyusha kwa makaa katika matanuri ya udongo yaliyopulizwa kwa mivukuto, kisha wakayafua juu ya mawe mpaka yakawa majembe. Majembe ya Samia yalisafiri mbali, yakauzwa Busoga, Bugwere na kwa jirani zao, na hayakuwa zana ya kulimia tu, kwa maana yalitolewa pia kama mahari na kutumika kama kipimo cha mali. Kinachobaki mahali pa tanuri baada ya karne moja au mbili ni mavi ya chuma, yaani takataka nzito, nyeusi, yenye vitundu kama sifongo, iliyojitenga na chuma wakati wa kuyeyusha, pamoja na vipande vya mirija ya udongo iliyopitishia hewa, ambavyo mara nyingi vimeungua upande mmoja. Mtu asiyejua huvitupa vitu hivyo akiona havina thamani sokoni, ilhali kwa anayejua ndivyo vinavyoonyesha tanuri lilisimama wapi, upepo uliingilia upande gani, na kazi ile iliendelea kwa muda gani.

Juu ya tabaka hilo la wahunzi ikaja biashara ya misafara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Waswahili na Waarabu kutoka pwani walipita Mumias, kituo kikubwa cha kupumzikia upande wa magharibi wa Kenya ya leo, wakaingia Busoga na kuzunguka Elgon wakitafuta pembe za ndovu, huku wakitoa shanga, nguo, bunduki na nyaya za shaba nyekundu na ya njano. Nyaya hizo ziligeuzwa bangili na vikuku, na bangili ilizikwa pamoja na mwenyewe au ikadondoka shambani. Ndiyo sababu historia ya Waswahili katika bara la Afrika Mashariki haimo katika vitabu vya wasafiri peke yake, bali imetawanyika pia katika udongo wa watu ambao mababu zao hawakuwahi kuiona bahari.

Mwaka 1897 ufuko wa Busoga, mashariki ya Jinja, ulishuhudia vita ambavyo alama zake ni za risasi kuliko za kitu kingine chochote. Askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa Waingereza, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo uliocheleweshwa, waliasi, wakaitwaa ngome iliyokuwa katika nchi ya chifu Luba na kuwaua maofisa Thruston, Wilson na Scott. Kikosi kilichowazingira kilikuwa na Waswahili wengi, wapagazi na askari wa misafara waliopewa bunduki, na mapigano pamoja na mzingiro yaliendelea hadi mapema mwaka 1898, waasi walipotoroka. Simulizi zilizoandikwa juu ya tukio hilo ni za upande mmoja, upande wa maofisa wa Kiingereza, na hazisemi mengi juu ya nani alisimama wapi au nani alikimbia kuelekea wapi.

Hapa ndipo mashine inapoingia katika habari hii. Kitambuzi cha metali, ambacho mitaani hujulikana zaidi kwa jina la detekta, ni kifaa chenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ambao umeme ukipitishwa ndani yake hujenga uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na metali huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali yenyewe, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu ambao kifaa huupokea na kuugeuza mlio. Alexander Graham Bell alijaribu kifaa cha namna hiyo mwaka 1881 ili kuipata risasi iliyokuwa mwilini mwa rais wa Marekani, James Garfield, lakini hakufanikiwa, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kifaa cha kubebeka mwaka 1937, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni huko Scotland kitambuzi cha mabomu ya ardhini ambacho mamia yake yalitumika vitani El Alamein, Misri, mwaka 1942. Baada ya vita mashine za jeshi zilizobaki ziliuzwa kwa raia, na uraibu wa kutembea mashambani na detekta ukazaliwa.

Uraibu huo ulikua zaidi Ulaya na Marekani, na matunda yake yamekuwa mazuri na mabaya. Mwaka 2009 Mwingereza mmoja aliyekuwa na detekta ya zamani aligundua katika shamba la Staffordshire akiba kubwa ya dhahabu na fedha ya Waanglo-Saksoni, akaitolea taarifa, na wataalamu wakaichimba. Lakini mfano unaoihusu Busoga kwa karibu zaidi ni wa Little Bighorn, katika jimbo la Montana, ambako kuanzia mwaka 1984 waakiolojia Douglas Scott na Richard Fox, wakisaidiwa na wenye detekta waliojitolea, walipita uwanja wa vita vya mwaka 1876 kati ya jeshi la Marekani na Wahindi Wekundu, wakasimika kibendera kila mlio uliposikika, na hawakuinua ganda la risasi hata moja kabla ya mahali pake kupimwa na kuandikwa. Kwa kulinganisha alama za kiwasho cha bunduki juu ya maganda hayo waliweza kuifuata bunduki moja kutoka kilima hadi kilima, na simulizi za wapiganaji Wahindi Wekundu, ambazo kwa miaka 100 zilipuuzwa, zikaonekana kuwa na ukweli mwingi. Kazi kama hiyo katika ufuko wa Luba ingeweza kuwapa Wasudani na Waswahili wa mwaka 1897 nafasi ya kusikika, mradi tu risasi zile ziwe bado zimelala pale zilipoanguka.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo lote. Kitu cha metali kikiwa mahali pake ni ushahidi, na kikishang'olewa bila kuandikwa huwa ni chuma tu. Mfano mdogo unatosha: mwaka 1936 zilitengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki sarafu za senti 5 na senti 10, zenye tundu katikati, zikiwa na jina la Mfalme Edward VIII, ambaye hakutawala hata mwaka mmoja. Sarafu ya namna hiyo ikikutwa chini ya sakafu ya nyumba iliyoanguka huko Mbale, inathibitisha kwamba sakafu ile haikuwekwa kabla ya 1936. Ikikutwa mfukoni mwa mchuuzi, haithibitishi chochote. Vivyo hivyo akiba ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari kadhaa za dhahabu, ilipata uzito wake wa kihistoria kwa kuwa ilitolewa mwaka 1984 katika uchimbaji wa kitaalamu.

Udongo wenyewe wa mashariki ya Uganda humtaka msakaji awe na subira. Sehemu kubwa ya Busoga imefunikwa na udongo mwekundu wenye changarawe za chuma, na kusini ya Mbale, katika miamba ya kale ya volkano ya Bukusu, kuna magnetiti, yaani jiwe la chuma lenye usumaku wa asili. Detekta isiyorekebishwa kulingana na ardhi hulia kila hatua katika nchi kama hiyo, na anayeichukulia kila sauti kuwa ni hazina huishia kulichimbachimba shamba zima la mwenzake.

Usakaji wa metali ulioenea katika eneo hili, hata hivyo, haukuwa wa uraibu. Katika miaka ya 1930, wakati homa ya dhahabu ilipokuwa imeishika Kakamega upande wa Kenya, dhahabu ilichimbwa pia Busia, mpakani, na wachimbaji wadogo wangali huko hadi leo, wakifuata mishipa ya mawe katika mashimo membamba ambayo huporomoka mvua inaponyesha, na wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu ili kuikamatisha dhahabu. Wengine wameingizwa katika ndoto za hazina iliyofukiwa na Wajerumani, imani iliyoenea sana Tanzania na ambayo matapeli wameifanya mtaji. Na tangu mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, Mganda wa kawaida huijua detekta kama fimbo nyeusi mkononi mwa askari wa mlangoni.

Historia ya vita vya nchi hii inaeleza pia hatari za kutembea katika ardhi yake. Jeshi la Tanzania liliitwaa Jinja mnamo tarehe 22 Aprili 1979, bwawa la Owen Falls likiwa salama, na askari wa Rais Idi Amin waliokimbilia mashariki na kaskazini waliacha njiani silaha na risasi. Baadaye Teso na kaskazini ya nchi zikapitia maasi ya miaka mingi. Mwezi Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imekwisha kuyasafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, lakini tangazo hilo halikuhusu kila kombora au guruneti lililopotea porini. Watu waliofanya kazi ya kuyaondoa walikuwa na kanuni ambayo kila msakaji anapaswa kuifuata: kitu cha chuma chenye umbo la yai, chupa au bomba hakiguswi, hakigongwi wala hakifukiwi upya, bali mtu husimama, huweka alama, hurudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, na kuwaarifu polisi. Kanuni hiyo inawahusu pia wakusanyaji wa vyuma chakavu wanaolisha viwanda vya chuma vya Jinja, ambao huzipiga nyundo bidhaa zao bila kujua asili yake.

Mazingira nayo yana madai yake. Ufuko wa Busoga kwenye Ziwa Viktoria ulihamishwa watu kuanzia mwaka 1906 kwa amri ya mtawala wa Kiingereza wa Uganda, Hesketh Bell, baada ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o kuua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda, na mahame yaliyoachwa wakati ule huenda yana vitu vya nyumbani chini ya vichaka. Hata leo maji ya ukingoni yana konokono wa kichocho, na si busara kuyaingia miguu mitupu. Ngurumo za alasiri ni kali, na radi iliyowaua wanafunzi 18 wa shule ya Runyanya, Kiryandongo, mwezi Juni 2011 iliwakuta darasani. Mtu aliyeshika mpini mrefu katika uwanja wazi yuko katika hatari kubwa zaidi, na hana budi kuondoka mara asikiapo ngurumo ya kwanza. Kwenye miteremko ya Elgon, ambako maporomoko ya ardhi ya Bududa ya Machi 2010 yalizika kijiji cha Nametsi, kuchimba mashimo na kuyaacha wazi katika msimu wa mvua ni kuukaribisha msiba. Chuma cha kale chenye kutu hukata ngozi kwa urahisi, na chanjo ya pepopunda hupatikana katika vituo vya afya.

Kisheria, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inayaweka madini mikononi mwa serikali, ardhi ina wenyewe wanaopaswa kuombwa ruhusa, na vitu vya kale vimelindwa tangu sheria ya mwaka 1967, ambayo sasa imefuatwa na sheria ya makumbusho na mambo ya kale ya mwaka 2023. Anayekusudia kuingia mashamba ya Busoga au Bugisu, eneo la Mbale, na detekta aanze kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti wa kijiji, asiende peke yake, na akikuta jembe la Samia, mavi ya chuma au risasi ya mwaka 1897, apige picha, aandike mahali, akiache kitu palepale, kisha apeleke habari kwa Makumbusho ya Taifa, Kampala, au tawi lake lililoko Soroti.