Moto na Baridi katika Magari ya Kanyaruchinya

Msafiri atokaye Goma kuelekea Rutshuru, akiisha kuuacha mji nyuma yake, hufika Kanyaruchinya, nchi ya mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo, ambako alfajiri aghalabu huwa na ukungu na baridi, hata mtu akajiuliza kiyoyozi cha gari kina kazi gani huko. Kazi kinayo: hukausha hewa, na kioo kikatakata.

Asili ya kiyoyozi ni nchi za mbali. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ya Marekani ilidhihirisha gari lenye mtambo wa kupoza hewa uliojaza nusu ya buti, na dereva aliyetaka kuuzima hakuwa na budi kusimama, kufungua boneti na kuuvua mkanda wa kompresa kwa mikono yake.

Kipasha joto, kwa upande wake, hakina gesi wala kompresa. Ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, ipitiwayo na maji ya moto ya injini. Ikitoboka, zulia hulowa, na fundi wa uani, ambaye mali yake ni kisu, kipande cha bomba na klipu mbili, huikata mipira yake miwili na kuiunganisha, almuradi gari liishi ijapokuwa joto limekufa. Wako wanaouita huo ubabaishaji. Mimi siwakubalii, maana katika ardhi hii ya mawe yanyweayo mvua papo hapo, isiyo na kijito, maji yaliyomwagika njiani hayana badali.

Katika kiyoyozi, gesi ya kupoza ndiyo iliyomshinda fundi wa nyumbani. Mkataba wa Montreal wa tarehe 16 Septemba 1987 uliihukumu gesi ya zamani, R-12, kwa kulila tabaka la ozoni, ikaja R-134a, ambayo haipatani na mafuta ya zamani ya kompresa. Atiaye hii penye ile bila kubadili mafuta huiua kompresa. Yampasa basi fundi huyo aishie kwenye mkanda, fyuzi, feni, na kuliosha vumbi jeusi lililoziba mapezi ya kiyoyozi yaliyo mbele ya gari, vumbi la mlima ule ule ulioikata barabara ya Rutshuru kwa moto wake tarehe 22 Mei 2021.

Nawe msomaji, ukipangusa kioo asubuhi kwa ndani na kitambaa kikanata, huo si umande: ni dawa ya rejeta iliyomo katika maji ya injini, na rejeta ndogo imetoboka.