"Mademoiselle Pogany": sura ya marumaru iliyochongwa mwenyewe akiwa hayupo

KATIKA Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, nchini Marekani, imehifadhiwa sanamu ya marumaru nyeupe ya mwanamke, ambayo urefu wake haufiki hata nusu mita. Ilichongwa jijini Paris mwaka 1912 na Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania, na inafahamika kwa jina la "Mademoiselle Pogany", yaani Binti Pogany.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza hukutana kwanza na macho. Ni makubwa kupita kiasi, hayana mboni, na yameumeza uso karibu wote. Nyusi zimepinda kama upinde, kisha zikateremka na kuwa pua bila kukatika. Mdomo ni mdogo mno. Viganja viwili vimekutanishwa na kuegemezwa shavuni, kama mtu anayesikiliza au anayekaribia kusinzia. Kiwiliwili hakipo, na wala hakionekani kukosekana.

Margit Pogany alikuwa mtu halisi. Alikuwa mchoraji kutoka Hungaria aliyekwenda Paris kujiendeleza katika sanaa, na huko ndiko alikofahamiana na Brancusi mwaka 1910. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoitembelea karakana ya mchongaji huyo aliona kichwa cheupe cha marumaru ambacho uso wake ulikuwa macho matupu, akahisi kwamba yule ni yeye. Brancusi alifurahi kuona amejitambua.

Baadaye alimwomba amchonge, naye akakaa mbele yake mara kadhaa kati ya Desemba 1910 na Januari 1911. Kila walipokutana, Brancusi alifinyanga kwa udongo sura iliyofanana naye barabara. Kila mara binti huyo alimsihi aihifadhi. Kila mara mchongaji alicheka, akaibomoa na kuutupa udongo ndani ya sanduku lake. Siku moja alimtaka akae kwa ajili ya mikono tu, na hata mkao wa siku hiyo haukuwa huu tunaouona katika sanamu. Pogany alieleza hayo zaidi ya miaka 40 baadaye, katika barua kwa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, akisema kuwa Brancusi alitaka kuikariri mikono, kwa kuwa kichwa alikuwa amekwisha kukikariri.

Mapema mwaka 1911 Pogany aliondoka Paris. Ni baada ya hapo, akiwa hana mtu wa kumtazama, ndipo Brancusi alipoichonga marumaru.

Utaratibu huo ulikwenda kinyume na desturi ya wakati ule. Auguste Rodin, aliyekuwa mchongaji mashuhuri kuliko wote Ulaya, alifinyanga kwa udongo, na kazi ya kuihamishia sura hiyo kwenye marumaru ikafanywa na mafundi wake kwa vipimo. Brancusi alipita katika karakana ya Rodin mwaka 1907, akaondoka baada ya muda mfupi. Yeye alishika patasi mwenyewe na kulikabili jiwe moja kwa moja. Udongo huongezwa na kupunguzwa kadiri fundi anavyotaka, lakini jiwe hupunguzwa tu. Kipande kikishatoka hakirudi, hivyo mchongaji hulazimika kuamua mapema ni kipi cha lazima katika uso wa mtu. Pengine ndiyo sababu zile sura za udongo, pamoja na kufanana kwake, hazikumfaa kitu.

Umma haukuipokea hivyo. Februari 1913 sanamu ya plasta ya kazi hiyo ilioneshwa New York katika maonesho makubwa ya sanaa mpya yaliyofanyika kwenye jengo la jeshi, yanayojulikana kama Armory Show. Ilikuwa mojawapo ya kazi tano za Brancusi zilizokuwapo, na ndiyo iliyochekwa zaidi. Magazeti yaliifananisha na yai la kuchemsha lililokalishwa juu ya kipande cha sukari. Kwa haki, mzaha huo haukuwa wa kipofu: umbo la yai limo kweli, na Brancusi aliendelea kulirudia kwa miaka mingi.

Aliirudia pia sura ya Pogany. Alitoa nakala za shaba nyeusi, ambazo nywele zake alizitia weusi, jambo ambalo marumaru haikuruhusu. Mwaka 1919 alichonga toleo la pili katika marumaru yenye mishipa, na mwaka 1931 la tatu, ambalo nalo liko Philadelphia. Katika toleo hilo la mwisho macho yamekwisha kabisa. Imebaki mistari ya nyusi na mkunjo mmoja wa mikono. Wapo wanaoliona kuwa ndilo kamilifu zaidi, lakini ni lile la 1912 ambalo bado linamkumbuka mtu.

Brancusi alifariki dunia Paris mwaka 1957, akiwa ameiachia serikali ya Ufaransa karakana yake na vilivyokuwamo. Pogany alinunua nakala moja ya shaba nyeusi, ambayo tangu 1953 iko katika makumbusho yale ya New York aliyoyaandikia barua. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihamia Australia, akafariki mwaka 1964. Makumbusho ya Philadelphia yana pia picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Brancusi kumchonga.