Fimbo ya Betri

Kinyangiri ikiwa bado ndani ya Iramba, kabla Mkalama haijawa wilaya mwaka 2012, redio ya betri ndiyo iliyotufikishia habari kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin, vijijini sauti yake ilitoka kwa nguvu ya betri. Nimekuwa fundi redio, na sipendi fimbo ya betri isahaulike.

Redio nyingi zilitumia betri nne, yaani volti 6. Zikichoka, sauti ikafifia, hazikutupwa. Wazee walikusanya kuukuu nane au kumi, wakazilaza juu ya ubao mwembamba, kichwa cha hii kwenye kitako cha ile, wakazikaza kwa mpira wa baiskeli na kuunga nyaya mbili hadi kwenye redio. Hiyo ndiyo fimbo ya betri. Mchana walizianika juani, joto lichangamshe kemikali. Jioni taarifa ya habari ilisikika.

Walikuwa wanafanya fizikia safi kabisa. Ndani ya betri kavu, zinki huliwa polepole na kuacha elektroni zimesongamana upande wake. Elektroni ina chaji hasi: wenzake wanaisukuma, upande chanya unaivuta. Kule kukaa kwake upande wa zinki tayari ni akiba ya nishati, kama jiwe lililo juu ya mlima. Ipe waya, itaondoka yenyewe kuelekea chanya, na akiba hiyo itageuka sauti, mwanga au joto. Volti ndiyo kipimo chake: betri mpya ya volti 1.5 huipa kila kulombu ya chaji jouli 1.5. Iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani, nao humeza sehemu ya akiba kabla haijatoka. Lakini betri zikiungana mfululizo, akiba hujumlishwa. Kumi zinazotoa volti 0.7 kila moja zinafikisha 7, na redio inaamka. Wazee hawakuwa na mita. Walipima kwa sikio, wakiongeza betri moja baada ya nyingine.

Mwaka 1800 Alessandro Volta, Mwitalia ambaye volti imepewa jina lake, alipanga visahani vya zinki na fedha kwa zamu, akiweka kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Kadiri alivyoongeza visahani, ndivyo mshtuko wa umeme ulivyozidi. Kanuni yake ni ileile ya ubao wa wazee wetu, nami naona fahari kulisema hilo.

Sola imeiondoa ile fimbo. Kwenye paneli, mwanga wenyewe ndio unaozipandisha elektroni, bila zinki kuliwa.