Mti, Jiwe na Shaba: Uchongaji kwa Anayeanzia Nkende

Mwanafunzi wa sanaa aliyeko Nkende, hapo Tarime, akifungua kitabu cha uchongaji atakutana na Wamakonde mapema, kisha Wamakonde tena. Wanastahili. Ila anaweza kudhani kwamba Mara haikuwa na wachongaji, kumbe Mkurya alipeleka ustadi wake kwenye kigoda na kwenye litungu.

Litungu ni kinubi cha nyuzi 8, na bakuli lake ni somo la kuchonga lililo kamili. Gogo huchongwa nje kwa shoka na tezo, kisha huchimbwa ndani. Hapo ndipo penye kazi: ukuta ukibaki mnene, sauti hufifia, ukipunguzwa mno, mti hupasuka. Jicho halifiki huko ndani, kwa hiyo mkono ndio hupima, kidole gumba upande mmoja na vingine upande wa pili. Mti nao hukaushwa kivulini. Juani, nje husinyaa huku ndani kungali na maji, na ufa huanzia hapo. Mwishowe ngozi ya ng'ombe huwambwa mdomoni ikiwa mbichi, ikauke na kujikaza yenyewe. Kuchonga ni kupunguza, na kilichotolewa hakirudi.

Kwenye jiwe hali ni nyingine. Mawe makubwa ya milima ya Tarime ni granaiti, ambayo patasi ya kawaida haifui dafu mbele yake. Lakini ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori hadi Tabaka katika nchi ya Wagusii, unakuta jiwe la sabuni: jeupe, la waridi, la kijivu. Lina ulanga mwingi, na ulanga ni miongoni mwa madini laini kuliko yote, hivyo hukatwa kwa msumeno wa mbao na kuchongwa kwa kisu. Hulainishwa kwa msasa ndani ya maji, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wanawake, na maji hayo pia hutuliza vumbi linaloumiza mapafu. Vipande vingine hupakwa rangi kisha hukwaruzwa, ili weupe wa jiwe uchore pambo. Huko ndiko alikotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris.

Mpingo wa Wamakonde ni mgumu mno, na ni mzito hata huzama majini. Kiini chake cheusi kimezungukwa na tabaka la rangi ya maziwa, ambalo mchongaji huliacha makusudi mahali fulani. Wengi wa mafundi hawa walitoka Msumbiji kutafuta kazi, zikiwamo za mashamba ya mkonge. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alichonga mashetani yaliyopindapinda, na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, akayapatia soko. Roberto Yakobo Sangwani alileta nguzo ya watu waliobebana, ambayo baadaye ilikuja kuitwa ujamaa. Sioni aibu kusema kwamba soko lilichangia kuumba mtindo huu. Soko hilohilo lilileta pia mti mwepesi uliopakwa kiwi ya viatu na kuuzwa kama mpingo.

Kufinyanga ni kuongeza, na makosa husahihishika. Sanamu nyingi za shaba huanza hivyo: umbo la udongo, kalibu, kisha madini yaliyoyeyushwa. Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya shaba nyeusi. Ilisimamishwa palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Shaba hudumu kuliko tawala.

Kwa shule isiyo na tanuru, mfano wa karibu zaidi uko Kampala. Gregory Maloba, Mkenya aliyefundishwa na Margaret Trowell huko Makerere, alitengeneza mnara wa uhuru wa Uganda wa 1962 kwa zege. Zege inaweza kumiminwa kwenye kalibu, au mtu akafunga nondo kwa waya, akavika wavu, akapaka saruji na mchanga tabaka kwa tabaka. Kila tabaka hukwaruzwa kabla halijakauka ili linalofuata lishike, na kazi ikiisha hufunikwa magunia na kumwagiwa maji siku kadhaa, la sivyo nyufa huonekana kabla ya wiki kuisha.