Madini joto: dawa inayojua njia ya shingoni

Kama uko Vuga leo, ingia jikoni uchukue pakiti ya chumvi. Utakuta imeandikwa "madini joto". Hayo ndiyo ayodini. Milimani kama huku Usambara, mvua huiosha ayodini kwenye udongo ikateremka na maji, na tezi ya shingo ikiikosa inavimba: ndiyo rovu. Kwa sababu hiyo, miaka ya 1990 Tanzania ilisimamia chumvi itiwe madini joto.

Sasa angalia: njaa hiyo ya tezi ndiyo iliyozaa tiba. Mwaka 1936, Saul Hertz, daktari wa Boston, alijiuliza: tezi ikipewa ayodini yenye mionzi, si itaimeza vilevile? Mwaka 1938 Livingood na Seaborg wakapata ayodini-131, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 8. Mwaka 1941 Hertz akamtibu mgonjwa wa kwanza, ambaye tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi. Baadaye ikatumika kwa saratani ya tezi. Kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa tiba hiyo.

Je, saratani ya ovari? Hapo ndipo kazi ilipo. Seli zake kwa kawaida hazina njaa hiyo, kwa hiyo ayodini inazipita tu. Miaka ya 1980 watafiti wa London waliibandika ayodini-131 kwenye kingamwili inayozitambua seli hizo, wakaiingiza tumboni mwa wagonjwa. Dalili za mwanzo zilitia moyo. Wakahamia itriamu-90, yenye mionzi inayofika mbali zaidi. Jaribio kubwa la wanawake 447 likatoa jibu mwaka 2006: waliopewa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao.

Lakini hawakukata tamaa. Jeni la "mlango" unaoingiza ayodini kwenye tezi lilitambuliwa mwaka 1996, na Mayo Clinic ya Marekani imejaribu kuupandikiza mlango huo kwenye seli za saratani ya ovari kwa kutumia virusi vya surua. Bado ni utafiti.

Kwa hiyo usidanganyike: chumvi inakinga rovu, haikingi saratani ya ovari. Mama au shangazi akilalamika wiki kadhaa kwamba tumbo linajaa na anashiba haraka, usimwambie ni gesi tu. Mpeleke hospitali.